Mvua ya mawe imelaza maua yangu: ning'oe au nisubiri?

SWALI: Ndugu Mhariri, bustani yangu iko kwenye mteremko hapa Muhumba, Bukavu. Tangu mvua ziliporudi mwezi wa Septemba, dalia, gladiola na waridi zilikuwa zimeanza kuchanua vizuri, lakini wiki iliyopita mvua ya mawe na upepo mkali vilizilaza chini, na maji yaliyoshuka kwa kasi yakafunika baadhi ya mimea kwa tope na kuacha mizizi ya mingine wazi. Jirani ananishauri ning'oe yote na kupanda upya. Je, nimsikilize? — Mama wa Muhumba

JIBU: Pole sana, Mama. Using'oe kitu kwa sasa, kwa kuwa dalia na gladiola huhifadhi nguvu zao chini ya udongo, ambako mvua ya mawe haifiki, na waridi huchipua tena ikiwa shina la chini ni zima.

Mizizi iliyo wazi ifunike leo hii, kabla jua halijaikausha. Udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa ungali umelowa hushikana na kukosa hewa, kwa hiyo laza ubao na usimame juu yake. Tope liondoe kwa mkono, taratibu, hadi shingo ya mmea ionekane.

Dalia ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Shina lake lina uwazi ndani kama mwanzi, na likivunjika katikati hukinga maji ya kila mvua, ambayo huweza kushuka na kuozesha viazi vyake. Basi tafuta kifundo kizima kilicho chini ya jeraha, ukate juu yake kidogo tu, kwani hapo ndipo machipukizi mapya yatakapotokea. Waridi ikate juu ya jicho, yaani kichipukizi kidogo kwenye shina, linalotazama nje, kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti. Majani ya gladiola yaache hata kama yamechanika na hayapendezi, kwa sababu ndiyo yanayolisha kitunguu cha msimu ujao. Mbolea isubiri majani mapya.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi kuliko mawe ni yale maji, kwa sababu yatarudi hadi mwezi wa Mei. Chimba mifereji midogo inayokata mteremko, si inayoshuka nao, na upande mchaichai kwenye kingo zake ili mizizi ishike udongo. Katikati ya maua tandaza nyasi kavu. Maji hayo yaelekeze kwenye mfereji wa barabara, kamwe si kwenye ukuta wa jirani aliye chini yako, na ni vyema uzungumze naye kabla ya kushika jembe.

Mapengo yatakayobaki yapandie mbegu za zinia, ambazo huchanua baada ya miezi miwili hivi.