Zana za wasilisho lenye picha, sauti na video: tulivyoandaa la Krakatoa

Mleta mada, umeuliza mtumie zana gani za mtandaoni kutengeneza wasilisho la kikundi la dakika kumi, lenye picha, sauti na video, ili wasikilizaji wasisinzie. Waliotangulia wamekutajia Canva na Prezi. Nimezitumia zote mbili nikiwa mwanafunzi, na tangu hapo nimewasaidia wengine kuandaa kazi zao. Ninachokuomba ni uanze na mada kabla ya zana. Je, ina mahali? Ina matukio yanayofuatana? Ina sauti? Kuna kitu ndani yake kinachosogea? Ukishayajibu hayo, zana nyingi zitajiondoa zenyewe.

Kikundi chetu kilipewa mlipuko wa volkeno ya Krakatoa, Indonesia, wa Agosti 1883. Tulichukua kiolezo kizuri cha Canva, tukajaza aya ndefu, tukabandika picha pembeni. Siku ya mazoezi tukajikuta tunawasomea wenzetu maneno ambayo wao wenyewe walishayamaliza kwa macho. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: mtu huelewa zaidi anapoona picha huku akisikia maelezo, kuliko anaporundikiwa picha, sauti na maandishi yaleyale kwa pamoja. Tukafuta karibu kila aya.

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kizuri. Kishindo cha tarehe 27 Agosti kilisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, umbali wa kilometa 4,800 hivi kuvuka Bahari ya Hindi, na kilichukua karibu saa nne kufika huko. Jambo kama hilo linataka ramani. Tulitumia StoryMapJS, zana ya bure ya Knight Lab, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Unaweka alama mahali unapotaka, unaipa picha au video na maelezo mafupi, na kila ukibonyeza mbele ramani inasafiri hadi alama inayofuata. Ndugu yake ni TimelineJS, ya mada zenye tarehe nyingi. Hiyo unaijaza kwenye jedwali la Google Sheets, kila mstari tukio lake.

Kuonyesha kishindo kikisambaa, tulitumia Morph katika PowerPoint, yaani mpito unaoigeuza slaidi moja polepole kuwa inayofuata. Chora duara dogo juu ya Krakatoa, nakili slaidi, kisha kwenye nakala likuze duara mpaka liguse Rodrigues. Programu inajaza mwendo wote wa katikati. Tuliupa sekunde nane na tukanyamaza mpaka duara lifike. Darasa zima lilikuwa kimya, macho kwenye ukuta, na mpaka leo sijaona slaidi yenye maneno ikifanya hivyo. Prezi nayo ina mwendo wake wa kukuza na kusogeza, na inafaa sana mada ambayo kitu kikubwa kimebeba vidogo: mwili, kiungo, seli. Nje ya hapo kuzungukazunguka kwake huchosha macho.

Sasa sauti, maana hiyo ndiyo wanafunzi wengi huiacha mwisho. Mkuu wa polisi wa Rodrigues aliandika kwamba alisikia kama mizinga mikubwa ikinguruma kwa mbali. Tulimpa mwenzetu mmoja asome maelezo hayo, tukamrekodi kwa simu tu. Simu inatosha, ila chagua chumba chenye mapazia, godoro na nguo, kwa sababu kuta tupu hurudisha mwangwi. Anza kurekodi, kaa kimya sekunde chache, ndipo useme. Kimya hicho kina kazi: ndani ya Audacity, programu ya bure unayoipakua kwenye kompyuta, unakichagua ili programu iujue mvumo wa chumba, kisha unaiambia iupunguze kwenye rekodi nzima. Punguza kidogo tu. Ukizidisha, msomaji atasikika kana kwamba yuko ndani ya maji.

Kisha tukapata pigo. Sehemu nyingine za wasilisho tulikuwa tumezikusanya kwenye Google Slides, kwa sababu watu wanne wanaweza kuandika kwa wakati mmoja, na mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya historia ya matoleo inakirudisha. Sauti huko huingizwa kutoka Google Drive, na faili ile ilikuwa kwenye akaunti yangu, bila ruhusa kwa mtu mwingine. Kwangu ilicheza vizuri. Kwenye kompyuta ya mwenzangu, kimya. Shukuru Mungu tuligundua siku moja kabla. Kwa hiyo badilisha ruhusa ya faili la sauti lenyewe, si ya wasilisho peke yake, na lijaribu kwa akaunti ya mtu mwingine.

Video za YouTube usizicheze nzima: kwenye Google Slides unaweza kuweka sekunde ya kuanzia na ya kuishia. Picha tafuteni Wikimedia Commons na msome leseni iliyo chini ya kila moja. Leseni iitwayo CC BY inakutaka umtaje aliyeitengeneza. Andika jina hilo papo hapo unapopakua picha, maana kulitafuta usiku wa mwisho ni mateso.

Canva siidharau. Kwa slaidi ya mbele yenye kichwa, vielelezo na video fupi ya MP4 ni nyepesi kuliko zote. Ila ukilihamisha wasilisho lake kwenda PowerPoint, fonti hubadilika na mistari huhama, hivyo pitia slaidi moja moja baada ya kuhamisha.

Na kwa kuwa StoryMapJS inahitaji intaneti, tulirekodi skrini kwa OBS Studio ramani ikisafiri, tukaiweka video hiyo kwenye flashi pamoja na faili la sauti. Intaneti ya darasani ilikatika tukiwa dakika ya tatu, tukafungua flashi, tukaendelea.

Hujasema mada yenu ni ipi. Itaje hapa, pamoja na idadi yenu na kama chumba kina spika, nami nitakuambia ningeanzia wapi.