Tulianza na bahasha ya kaki

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mabadiliko mliyoyaanza kazini mwaka uliopita yakilala wakati wa sikukuu, mnayaamshaje Januari? Najibu kutoka stoo ya dawa ya hospitali moja ya Moshi, ambako mimi ni msimamizi. Kwa uzoefu wangu, kabla ya kumhimiza mtu yeyote, rekebisheni kwanza kilichoharibika wakati watu hawapo.

Oktoba tulianza kuhama kutoka leja za karatasi kwenda kwenye kompyuta. Kila boksi linaloingia na kila vocha ya wodini viingizwe kwenye mfumo siku hiyohiyo, ndivyo tulivyokubaliana. Kufikia katikati ya Desemba tulikuwa tumeshika kasi. Hata Mama, mwenzetu mtu mzima aliyeshika leja tangu wengine wetu tuko shule ya msingi, alikuwa akiingiza vocha zake mwenyewe, kidole kimojakimoja, bila kumwita mtu.

Ikaja Krismasi. Moshi ya Desemba mnaijua: mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa, kila boma lina wageni, na nusu ya watumishi wako likizo. Stoo ilibaki na watu wawili wa kupokezana zamu. Siku moja kati ya Krismasi na Mwaka Mpya neno la siri la mmoja wao likagoma, fundi wa kompyuta naye yuko kijijini, na wodini wanasubiri dripu. Akafungua leja. Alifanya vema kabisa, na ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Mwenzake aliyempokea akaendelea palepale alipoachiwa.

Tuliporudi tukakuta mfumo unaonyesha dripu zilizokwisha kutumika, na hauna habari yoyote ya maboksi ya glavu yaliyopokelewa tarehe 29. Ndani ya siku mbili stoo nzima ilikuwa imerudi kwenye leja. Uongozi ukadhani tumeyakataa mabadiliko. Ikaja barua ya onyo, kikafuata kikao cha saa mbili cha kutuambia tubadilike. Niliumia sana siku ile, kwa sababu niliwajua watu wangu. Hakuna aliyekuwa amekataa kitu. Mtu ambaye kompyuta imemdanganya mara mbili asubuhi moja, ukimlazimisha kuitumia ataandika kotekote: kwenye kompyuta ili bosi aridhike, na kwenye leja ili mgonjwa apate dawa. Hizo ni kazi mbili kwa mshahara uleule, tena mwezi wa ada na sare za watoto.

Kwa hiyo sikuitisha kikao kingine. Niliketi na wale wawili waliobaki na stoo, nikawauliza walikutana na nini. Mwanzoni walijibu kwa mkato, wakidhani natafuta wa kumlaumu. Nilipowaambia pole na asanteni, ambayo hakuna mtu aliyekuwa amewaambia tangu turudi, mmoja akavuta mtoto wa meza akatoa bahasha ya kaki. Ndani yake zilikuwemo vocha zote za sikukuu, zimepangwa kwa tarehe. Bahasha ile ilikuwa na thamani kuliko mafunzo yote ya Oktoba.

Kilichofuata ni kuhesabu. Tuna aina zaidi ya 300, na kuzihesabu zote kungekula wiki nzima, huku wiki ya pili inakatwa na sikukuu ya Mapinduzi, Januari 12. Tukachagua aina 20 zinazotoka kila siku: parasetamoli, dripu, glavu, sindano, dawa ya mseto ya malaria na nyingine za namna hiyo. Saa moja na nusu asubuhi, kabla ya dirisha la dawa kufunguliwa, wawili wanahesabu rafuni na mmoja yuko kwenye kompyuta. Tofauti ikijitokeza tunaitafuta kwenye bahasha, tunarekebisha palepale, wote watatu tunatia sahihi. Aina iliyokaa sawa tukaibandikia karatasi ya kijani: hapa kompyuta inasema kweli, leja isiguswe. Nyingine zote ziliendelea kwenye leja, na hakuna aliyelaumiwa kwa hilo. Kila baada ya siku chache tukaongeza aina 20. Watu walianza wenyewe kuuliza rafu yao itapata kijani lini.

Kuhusu kusahau nako nina neno. Mama aliniambia, “Mwanangu, nimesahau kila kitu.” Nikamsimulia habari za Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885. Sehemu kubwa ilimtoka kichwani ndani ya siku moja tu. Lakini alipojifunza upya alitumia muda mfupi kuliko mara ya kwanza, hata mwezi ulipokuwa umepita. Ndiyo maana nilikataa pendekezo la kurudia mafunzo ya siku tatu ukumbini. Nilikaa na Mama robo saa kila asubuhi, kwa vocha zake mwenyewe. Siku ya nne akaniambia niende nikafanye kazi zangu.

Kosa la kupanga lilikuwa langu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na kila mtu anajua watu wa huku wanazichukua lini, lakini katika mpango wangu Desemba iliandikwa kama mwezi wowote. Sasa kila anayebaki zamu anajaribu neno lake la siri kabla ya fundi kuondoka, bahasha ya vocha ni utaratibu rasmi, na siku mbili za kwanza za Januari zimetengwa kwa kulinganisha rafu na kompyuta. Kati ya Desemba 15 na Januari 15 hatuanzishi hatua yoyote mpya, hata ikiagizwa kutoka juu. Hilo la mwisho nililipigania, na nitalipigania tena.

Leja ya zamani tuliifunga Ijumaa ya mwisho ya Februari. Tulimwomba Mama aifunge yeye. Akaandika salio la mwisho, akapiga mstari mwekundu, akaweka tarehe na sahihi, kisha akaipeleka mwenyewe kabatini.