Siku ya kwanza kwa mnasihi

Mdogo wangu, pole sana kwa msiba wa baba. Umesema Alhamisi unatoka Igoma kwenda mjini Mwanza kwa mnasihi, yaani mshauri aliyesomea kusikiliza watu wenye uchungu, na hofu yako ni utaulizwa nini na nani atasikia.

Kikao cha kwanza ni cha kufahamiana zaidi, dakika 45 hadi saa nzima. Atauliza unaishi na nani, unalalaje, unakulaje, na kama umewahi kuwaza kujidhuru. Hilo la mwisho lisikutishe, huulizwa watu wengi. Mjibu kweli, na kama uchungu unakuja kwa Kisukuma, uliza kama anakielewa.

Kuhusu siri, muulize mwanzoni kabisa. Mnasihi mwenye maadili hapeleki maneno yako kwa shangazi wala kanisani. Siri hufunguliwa hasa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, na akueleze hivyo kabla hujaanza.

Usitegemee akuamulie mambo kama mzee wa ukoo. Atauliza, atanyamaza, atakuachia ulie. Mimi kikao changu cha kwanza nilitoka nimechoka kuliko nilivyoingia, nikadhani nimepoteza nauli. Kumbe kidonda kilikuwa kimefunguliwa tu. Kwa hiyo siku hiyo usirudi dukani moja kwa moja. Kaa kidogo karibu na Jiwe la Bismarck, uangalie ziwa.

Dawa haandiki yeye, ni kazi ya daktari. Ikihitajika, atakuelekeza hospitali, kwa mfano Bugando.

Ukiona hamuelewani baada ya vikao 3 au 4, mwambie wazi, au tafuta mwingine. Hatakuwa na kinyongo.