Unayejifunza programu, anza na kile unachokipenda

Vijana wengi wanaonitafuta hapa Kampala wakitaka ushauri wa kujifunza kuandika programu za kompyuta wananiuliza swali moja tu, nianze na lugha ipi ya programu, Python au JavaScript, na siku hizi hilo silijibu kwanza, nawauliza wewe ukiwa huna kazi unapenda kufanya nini? Huyu anasema mpira, yule kwaya ya kanisani, mwingine anashinda kwenye historia ya Bunyoro. Basi anzia hapo hapo. Mafunzo ya mtandaoni yanakupa kazi zile zile, kikokotoo, duka la kuigiza, ukimaliza unafunga laptopu na hurudi tena maana hilo duka halikuhusu kabisa. Kitu unachokipenda hakikuachii, utakirudia mpaka kieleweke.

Kwangu mimi ni muziki, na hasa amadinda, yale marimba ya Kiganda yenye vipande 12 vya mbao vinavyolazwa juu ya migomba. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana. Wa kwanza, omunazi, anapiga mfululizo wake bila kusita, wa pili, omwawuzi, anapachika noti zake katikati kabisa ya zile za mwenzake, na kila mmoja mikono yake miwili inapiga noti moja kwa oktavu mbili, yaani noti ile ile, ya chini na ya juu yake. Halafu wa tatu, omukoonezi, ana vipande viwili tu vya juu, kazi yake ni kuzirudia noti mbili za chini kabisa kila zinapotokea, ila oktavu mbili juu. Ukisikiliza vizuri unasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga, zinazaliwa pale wanapokutana! Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, aliliandika jambo hili mwaka 1960, na mi naona mtu wa programu akilisoma hawezi kulala.

Sasa fungua Sonic Pi. Ni programu ya bure aliyoitengeneza Sam Aaron, unaandika mistari inatoka muziki, na ukishaipakua haihitaji intaneti, jambo kubwa hapa kwetu ambapo tangu 2021 data inakatwa kodi ya 12%. Andika `live_loop` moja, yaani mistari inayojirudia yenyewe, ya omunazi, mwishoni mwa kila noti weka `sleep 0.2`, maana yake subiri sekunde 0.2. Andika nyingine ya omwawuzi, ile ile `sleep 0.2`, lakini ichelewe kuanza kwa 0.1. Hapo tayari una mapigo kumi kwa sekunde, na una mambo mawili yanayokwenda sambamba bila kukanyagana, somo ambalo vitabu vinalifundisha kwa maneno magumu sana na watu wanalikimbia. Omukoonezi ndo mtamu zaidi, huyo humwandikii noti zake, unamwambia asikilize wenzake na aitikie noti mbili tu, yaani umeshaanza kuandika masharti bila mtu kukulazimisha.

Utakwama kwenye sauti. Ukitumia noti za kinanda cha kawaida itasikika kama kengele ya simu, kwa sababu amadinda inaigawa oktavu hatua tano zinazokaribia kulingana, wakati kinanda kina hatua 12. Gawa 12 kwa 5 unapata 2.4, na kwenye Sonic Pi kila noti ni namba, 60 ni C ya katikati ya kinanda na kila hatua ya kinanda ni 1, kwa hiyo andika 60, 62.4, 64.8, 67.2, 69.6, inakubali desimali bila shida. Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu lakini, amadinda halisi inatofautiana kidogo kutoka moja hadi nyingine, fundi anaichonga kwa sikio, ndo maana nakusihi usiishie kwenye skrini. Nenda Uganda Museum pale Kamwokya ukavione vyombo vyenyewe, nenda Ndere Centre Ntinda uwaone wakipiga, halafu mtafute mzee anayejua umwombe akusahihishe, na umwombe kwa heshima. Lubiri ya Mengo, kasri la Kabaka, ilipovamiwa mwaka 1966 muziki wa kasri ulivunjika na wapigaji wakatawanyika, kwa hiyo anayejua leo amebeba kitu kizito sana, usimwendee na simu mkononi unarekodi kabla hata ya kumsalimia.

Kama muziki si wako, lugha je? Common Voice, mradi wa shirika la Mozilla, inakusanya sauti za watu wakisoma sentensi, Luganda ipo na Kiswahili kipo, unaweza kuchangia sauti yako ukiwa umekaa tu nyumbani, kisha data yenyewe ukajifunzie. Mpenzi wa mpira aanze na matokeo ya ligi yetu. Mwalimu wa kwaya aandike kitu cha kupangia sauti nne. Vyote ni programu halali, na mwajiri akikuuliza umetengeneza nini utaongea mpaka akukatize.

Na wale watakaojaribu amadinda leo usiku, tumieni earphone za waya jamani. Za Bluetooth zinachelewesha sauti kidogo, kwa kusikiliza tu haina neno, ila ukitaka kupigia meza ukiwa omwawuzi, kompyuta ikiwa omunazi, ule ucheleweshaji unatosha kabisa kukutoa kwenye nafasi yako.