Mabingobingo marefu hayajazi ndoo

Juzi msomaji mmoja wa Newala, anayelisha ng'ombe mabingobingo (majani ya tembo), kaniandikia: "Dada, mabingobingo yangu yamenipita urefu, ng'ombe anakula mpaka anashiba, lakini maziwa hayaongezeki. Nimpe dawa gani?" Mpendwa, dawa weka kando. Nenda kwenye hori uangalie alichobakiza. Nina hakika ni mabua matupu.

Hapa Masasi, nilipoanza kukata majani yakiwa usawa wa kiuno, watu walinicheka. Mmoja, tena ndugu wa damu, alinitangaza kilabuni kwamba nitaua ng'ombe kwa njaa. Leo ndugu huyo huyo anamtuma mtoto na chupa kila asubuhi. Nampimia, na bei ni ile ile ya wateja wengine. Sijasahau.

Mabingobingo yakikomaa, shina hurefuka na kulizidi jani, na kuta za seli hujaa lignini, ile inayoupa mti ugumu wake. Bakteria wa tumboni mwa ng'ombe wanaimudu selulosi, yaani nyuzi za jani, lakini lignini hawaiwezi, nayo inaifunika selulosi wasiifikie. Basi mabua yanakaa tumboni, ng'ombe anacheua tu, nafasi ya kula tena hana. Tumbo limejaa, mwili una njaa! Nyasi zetu za joto zina mishipa migumu iliyosongamana kuliko nyasi za Ulaya, na jua letu linazikomaza haraka. Protini nayo ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu, hata hao bakteria wanadhoofika. Kusi ikishavuma, nyasi za porini huku kwetu zinafikia hapo bila shida.

Kwa hiyo kata mapema, kwenye mita moja hivi, wiki ya 6 hadi ya 8 wakati wa mvua. Bonyeza pingili ya chini kwa ukucha. Ukucha ukigoma, umechelewa. Kuongeza protini, changanya na majani ya lukina, ule mti wa malisho, yasizidi theluthi ya chakula, au majani ya karanga baada ya mavuno. Na tuache kusingizia mbegu ya ng'ombe, jamani! Mtu hajui hata lini alikata mara ya mwisho, analaumu dume.

Wewe wa Newala, hayo yaliyokupita kata yote, acha visiki vya shubiri moja. Majani ya juu mpe ng'ombe, mabua tandika zizini, mwaga samadi shambani kabla mvua haijakatika.