Pesti ya lehemu, friji na pakiti ya maziwa

SWALI: Nimeanza kutengeneza bodi ndogo za elektroniki nyumbani, hapa Tanga. Nilinunua Kariakoo kikopo cha pesti ya lehemu (uji wa punje za lehemu na flaksi) kilichoandikwa 183, nakihifadhi kwenye friji ya nyumbani. Nikiipiga bloa ya hewa moto inarukaruka na kuacha vijigololi kila mahali. Fundi aliyenifundisha anasema moshi wake una risasi, ile metali yenye sumu, kwa hiyo nivae barakoa, na nikimaliza ninywe nusu lita ya maziwa. Nina mtoto wa miaka miwili. Je, hii inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Na nianze na hayo maziwa, maana haipiti wiki sijayasikia. Wachomeleaji wanakunywa, wapaka rangi wanakunywa, wa mashine za kusaga wanakunywa, sasa na mafundi wa bodi.

Kijana mmoja alikuja kujifunza kwangu, mwepesi wa mikono kweli. Pesti alikuwa anaipaka kwa kidole, kidole anapangusa kwenye suruali. Kazi ilipoisha akachukua pakiti ya maziwa, akaing'ata kona kama wote tunavyofanya, akanywa. Nikamwonyesha ile pakiti: kwenye plastiki nyeupe, karibu kabisa na pale alipong'ata, palikuwa na alama ya kidole ya kijivu. Kijivu kile ndicho risasi. Alikuwa anaimeza pamoja na dawa yake.

Chembe ya ukweli iko. Mwili huidhania risasi kuwa kalisi, madini yaliyomo kwenye maziwa, ndiyo maana huiweka kwenye mifupa ikakaa huko miaka na miaka. Mtu anayekula vizuri, mwenye kalisi na madini ya chuma ya kutosha, hufyonza risasi kidogo kuliko aliyeshinda njaa. Basi, inaishia hapo. Hakuna maziwa yanayoingia mwilini yakakokota risasi nje. Ukiwa na wasiwasi, nenda hospitali uulizie kipimo cha risasi kwenye damu, na ikionekana imezidi, matibabu yake ni ya daktari. Anayekuuzia unga wa kusafisha sumu anakula hela yako.

Sasa moshi. Hiyo pesti yako ikiwa ni ya kweli, ni bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, na inayeyuka kwenye nyuzi 183. Risasi haichemki mpaka nyuzi 1,749. Bloa yako haifiki hata theluthi ya hapo. Moshi unaouona ni flaksi inayoungua, ile dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike, na nyingi hutokana na utomvu wa msonobari. Nao si wa kuchezea: unaleta pumu, na ukishakukamata, siku nyingine moshi kidogo tu unakukaba. Barakoa ya kitambaa haiuzuii. Kaa karibu na dirisha, weka feni ndogo inayouvuta kutoka kwako kwenda nje, isiwe inayokupulizia usoni. Walionunua pesti isiyo na risasi wakadhani wameepukana na hili wanajidanganya. Ile ya bati, fedha na shaba inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, kwa hiyo flaksi inaungua zaidi.

Risasi inaingia kwa mkono kwenda mdomoni. Pesti ni hatari kuliko waya wa lehemu kwa sababu ni punje: za kawaida zina maikroni 25 hadi 45, nyembamba kuliko unywele, zinang'ang'ania kwenye ngozi na kwenye nguo. Vaa glavu, pangusa meza kwa karatasi yenye spiriti, nawa kwa sabuni kabla ya kushika chochote cha kuliwa. Sakafu ipigwe deki kwa tambara bichi, usifagie. Mtoto wa miaka miwili anaokota kila kitu, na hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Kikopo kitoke kwenye friji ya chakula leo. Nunua pesti ya gramu chache kwenye bomba dogo la sindano, ulifungie kwenye sanduku mahali pa baridi, ulimalize ununue jingine.

Vijigololi vyako navyo vimetoka huko huko kwenye friji. Ukikitoa kikopo na kukifungua papo hapo, unyevu wa Tanga unatua juu ya pesti baridi, na bloa ikija maji yanachemka na kurusha punje. Kinatakiwa kikae nje kimefungwa kwa muda wa saa nne hivi. Tena usikimbilie moto mkali: pasha bodi taratibu hadi karibu nyuzi 150, ishikilie hapo dakika moja na nusu hivi, ndipo upande hadi 210 au 220, upepo wa bloa ukiwa mdogo.

Dukani, angalia tarehe, kisha uzito. Flaksi tupu nayo wanaiita pesti, lakini ni ya njano na nyepesi kama mafuta ya kupaka. Ya lehemu ni ya kijivu, na kikopo kidogo kinalemea kiganja. Iliyokauka juu kama uji uliolala, iache. Nyumbani weka tone moja kwenye kipande cha kigae ulipashe moto. Likikusanyika kuwa shanga moja inayong'aa, ni nzima. Wakikupa ya 138, hiyo ni bati na metali iitwayo bismuthi, na kiungo chake huvunjika upesi. Ikichanganyika na mabaki ya lehemu yenye risasi, sehemu yake inaweza kuyeyuka kwenye nyuzi 96 tu.

Na kwa kuwa uko pwani: wapo wanaovunja betri chakavu za gari na kuyeyusha risasi jikoni ili watengeneze chubwi za kuvulia. Hapo hesabu yangu ya moshi haifanyi kazi, kwa sababu vumbi na masizi ya betri yamejaa risasi tayari. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu watu mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kama kwenu kuna sufuria iliyowahi kuyeyushiwa chubwi, isipikiwe tena, hata ikisuguliwa kwa mchanga.