Sandali mpya isivuke Kasumbalesa

Mdogo wangu, zitoe hizo sandali kwenye boksi leo hii. Usingoje safari yako ya Agosti. Nimesoma maswali yako yote, lakini kilichonishtua ni maneno uliyoyapitia harakaharaka: umenunua sandali mpya za ngozi pale soko la Mzee Kabila, utazitunza hadi siku ya safari zisishike vumbi la Lubumbashi, na viatu vyote vya kufunika utaviacha nyumbani ili valizi iwe nyepesi, maana Zanzibar ni joto na utashinda na sandali kutwa. Mambo ya ngozi na maji ya chumvi na watoto tutayafikia, gauni la jioni na kofia siku nyingine. Hilo kwanza, kwa sababu hilo ndilo litakalokuharibia vakansi nzima, wewe na bwana yako na hao watoto.

Mimi nilisafiri hivyohivyo. Njia yako ndiyo yangu: Kasumbalesa, pale mpaka wetu na Zambia, Zambia yote, Tunduma unapoingia Tanzania, Dar, kisha boti hadi Unguja. Na viatu vyangu vilikuwa vya ngozi kama hivyo vyako, vya rangi ya kahawia, mikanda miwili mbele na mmoja nyuma ya kisigino.

Kijana aliyeniuzia alizikunja mbele ya macho yangu, akazikunjua, akanipa nishike. Akaniambia, "Mama, hii ni ngozi ya ng'ombe kabisa, ukivaa asubuhi, saa sita mchana imeshakuwa mguu wako." Nilimuuliza wazi kama nianze kuzivaa nyumbani. Akasema hapana, nitazichakaza bure. Hilo siwezi kulisamehe. Kama angesema hajui, ningefikiria mwenyewe. Lakini alitoa shauri kama mtu anayejua, na alichotaka ni niondoke pale haraka kabla sijabadili mawazo. Anayeuza kiatu hatembei nacho! Naye binamu yangu anayekaa Dar akanipigia simu: pwani hakuna mtu wa viatu vya kufunika, usijibebeshe mizigo. Yeye miguu yake imezoea joto na mchanga tangu utotoni, ya kwangu imezoea soksi.

Ngoja nikueleze kilichokuwa kwenye ile sandali, kwa sababu nataka ukakitafute kwenye zako. Kwa nje ilikuwa nzuri, imeng'arishwa. Kwa ndani, pale mkanda wa mbele unapoingia kwenye soli, usawa wa kidole kidogo, fundi alimalizia uzi wake kwa kuuchoma na kiberiti. Uzi wa nailoni ukichomwa unayeyuka na kuacha kifundo kigumu chenye ncha. Dukani hukioni, maana kimejificha chini ya mkanda. Ukisimama kidogo kwenye boksi ya karatasi kujaribu, hukisikii. Utakisikia mguu ukishavimba. Weka kidole chako mwenyewe ndani ya hizo sandali, pitisha polepole chini ya kila mkanda, upande wa kushoto na wa kulia. Popote kidole kinapokwaruzika, ndipo patakapotoka lengelenge.

Mguu utavimba, usijidanganye. Kasumbalesa ni kama kilomita 90 tu kutoka mjini, lakini pale mpakani unasimama foleni, unasogea, unasimama tena, jua liko kichwani. Ukimaliza unakaa kwenye basi miguu ikining'inia, usiku kucha na mchana wake. Damu na maji vinashuka chini. Hata ukiamua kuchukua treni ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860 hadi Dar, na sehemu kubwa ya hizo utakuwa umekaa. Kabla hatujafika Kapiri ule mkanda ulikuwa umezama kwenye nyama, nikalegeza tundu moja, kisha la pili, kisha matundu yakaisha. Kati ya Nakonde, upande wa Zambia, na Tunduma tulivuka mpaka kwa miguu na mizigo yetu, na pale ndipo lengelenge lilipojitokeza kwenye kidole kidogo, lingine nyuma ya kisigino.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo penye hasara kubwa, na watu wengi wanaokujibu hapa hawajapagusa. Wanabishana kuhusu ngozi na plastiki, bei na rangi. Lengelenge lenyewe si msiba. Ukipata lengelenge ukavua kiatu kilicholileta, ukavaa kingine kisichogusa pale, baada ya muda mfupi ngozi inatulia na unaendelea na safari yako. Mimi sikuwa na kingine! Kiatu kilichokuwa kinanijeruhi ndicho kilichokuwa kiatu changu pekee. Asubuhi nikiamka nauweka mguu uleule kwenye mkanda uleule, juu ya kidonda kilekile. Nikajaribu kuviringisha kitambaa, kikateleza. Nikanunua kandambili pale Darajani, zile za mkanda wa katikati ya vidole, na kwa kuwa ngozi ya hapo nayo haikuzoea, zikanifungulia kidonda kipya kati ya vidole. Raba yangu ya zamani, laini, iliyokunjika kila mahali, ilikuwa Lubumbashi chini ya kitanda, kwa sababu mtu aliniambia nisijibebeshe mizigo. Uzito wake haufiki hata kilo moja.

Kisha akatokea bingwa mwingine. Pale tulipofikia alikuwepo mtu wa kuwapeleka wageni baharini. Aliuona mguu wangu, akasema dawa ni maji ya bahari, chumvi inakausha kidonda, tembea tu majini. Alilisema mbele ya watoto wangu kwa uhakika kamili, nao wakanivuta mkono. Nataka kila anayesoma hapa alijue hili: maji ya bahari ya ufukweni si dawa ya kidonda kilicho wazi. Yana vijidudu vyake, na mchanga una uchafu wake, wa mbwa na wa watu. Lengelenge lilikuwa limeshapasuka. Mkanda wa ngozi ulilowa, ukalainika, mchanga ukaingia chini yake, na kila hatua ukawa unasugua pale kama msasa. Ulipokauka juani ukakakamaa, mgumu kuliko ulivyokuwa mpya.

Baada ya hapo mguu ukawa mwekundu na wa moto, wekundu ukapanda hadi karibu na kifundo cha mguu, usaha ukatoka, homa ikanishika usiku. Tukaenda kliniki. Wakaosha, wakanipa vidonge vya kuua vijidudu, wakaniuliza kuhusu chanjo ya pepopunda, wakanikataza kuingia majini. Pesa tulizoweka kwa ajili ya kwenda msitu wa Jozani kuwaona wale kima wekundu zikaishia hapo, na zile za mashua pia. Watoto walikwenda ufukweni na baba yao, mimi nikabaki barazani mguu juu ya kiti. Kutoka Katanga hadi Bahari ya Hindi, halafu unaisikia bahari kwa masikio tu. Hilo bado linaniuma, na sitaki likupate.

Ndiyo maana nasema, na nitasema kwa kila atakayeuliza: sandali mpya isivuke Kasumbalesa. Sandali iende safari ikiwa imeshakuwa ya zamani mguuni mwako.

Usiniambie huna muda. Huu ni Juni, unao muda wa kutosha. Anza leo jioni, si asubuhi, maana jioni mguu umeshapanuka na utakuambia ukweli. Vaa ndani ya nyumba ukipika bukari, ugali wetu, hata na soksi kama baridi ni kali, hakuna anayekuangalia. Kisha vaa hadi kwa jirani. Kisha sokoni. Kisha kanisani kwa miguu, na kurudi. Kila ukivua, kaa chini uangalie ngozi yako: alama nyekundu inayofutika baada ya muda mfupi si neno, lakini alama inayobaki, inayowaka ukiigusa, hapo pana kasoro. Peleka kwa fundi viatu, mwonyeshe mahali penyewe kwa kalamu. Atakikata kile kifundo, atapapiga nyundo palainike, au atashonea kipande cha ngozi laini kwa ndani. Ni kazi ndogo na pesa ndogo. Mkanda ukiwa mgumu, uloweshe kwa maji safi, vaa ukiwa bado na unyevu utembee nao, kisha uanike kivulini. Usiuweke juani wala karibu na mbabula, jiko la makaa. Na usisahau kwamba mguu mmoja kwa kawaida ni mkubwa kuliko mwingine. Pima kwa ule mkubwa.

Vumbi jekundu unaloliogopa lisikusumbue. Kitambaa chenye unyevu kinalitoa.

Sisi wa Lubumbashi tuna tatizo letu lingine. Miezi hii ya kiangazi hewa ni kavu na asubuhi ni baridi, tunashinda kwenye viatu vya kufunika, na visigino vinapasuka magaga. Halafu unatua pwani ghafla, mguu wazi, mchanga na maji. Mchanga unaingia kwenye magaga na kuyapanua hadi yanatoa damu. Kwa hiyo anza pia na visigino: loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, usikate kwa wembe hata kidogo, kausha vizuri kati ya vidole, paka mafuta mazito ya mgando kwenye kisigino na ulale na soksi. Ukifanya hivyo kila usiku hadi siku ya safari, utaondoka na kisigino kizima. Na kama wewe au yeyote katika familia ana kisukari, asitembee na sandali wazi kutwa bila kumuuliza daktari wake, kwa sababu anaweza kujeruhiwa asisikie.

Kwenye basi vaa hiyo raba ya zamani na soksi za pamba. Ndiyo, raba, pamoja na joto. Sandali zilizokwisha kuzoea mguu ziwe kwenye mkoba wa mkononi, uzibadilishe mnaposhuka. Ukifika, sandali mchana, raba jioni au siku ya kutembea sana kwenye vile vichochoro vya Mji Mkongwe, maana pale unatembea saa nyingi juu ya mawe na soli nyembamba itakuumiza unyayo. Mguu ukipumzishwa kwa kiatu kingine hauchoki mahali pamoja. Paka pia mafuta ya kuzuia jua juu ya mguu, kila unapotoka majini. Watu wanapaka uso na mabega wanasahau hapo, wanarudi na michirizi ya mikanda iliyoungua, kisha mkanda unakaa juu ya ngozi iliyoungua.

Watoto wanunulie za plastiki zenye mkanda wa nyuma, waingie nazo majini. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, bahari inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na ikipwa watoto wote wanakimbilia kule mbali kwenye mawe na matumbawe. Kuna wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kule, ukikanyaga mmoja miiba inakatikia ndani ya nyama. Kandambili hazifai kule, zinachomoka mguuni na kuelea. Hizo za ngozi nazo usiingie nazo baharini, uliza mguu wangu.

Ukiona ngozi inaanza kuwaka njiani, usingoje lengelenge lijae. Funika palepale kwa plasta, badilisha kiatu. Likishajaa, usilitumbue na usivue ile ngozi ya juu, ndiyo bandeji yake. Likipasuka lenyewe, osha kwa sabuni na maji safi, funika, na likae mbali na mchanga. Ukiona wekundu unasambaa, joto, usaha au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usimsikilize mtu wa ufukweni.

Jumamosi hii zivae kuanzia saa tisa alasiri, nenda nazo kwa miguu hadi soko la Kenya na urudi, halafu andika hapa zinakubana wapi. Kama kufikia mwisho wa Julai bado zinaacha alama ileile baada ya fundi kuzishika, mpe mtu mwenye mguu mdogo, wewe ondoka na zile za mwaka jana.